Kengele za Msiba Harusini

Jumamosi iliyopita tulimpigia bibi harusi kengele za msiba. Nalisema mapema, kabla sijapoa, kwa sababu sisi watu wa Harnby tukipoa tu huanza kuzungumzia hali ya hewa. Mji wetu una makanisa matatu na baa kumi na moja, na ukimuuliza mtu wa hapa jambo zito atakuonyesha uzuri wa kanisa au atakununulia bia, ilimradi asikujibu. Mimi ni mmoja wao. Nimezaliwa nyuma ya ukumbi wa soko, nimeolewa katika kanisa la Mtakatifu Oswin, na kwa kukwepa jibu sina mpinzani.

Mume wangu, Clement Ruddock, ndiye mtunza kengele wa Mtakatifu Oswin. Kengele zetu ni sita. Sisi wapigaji tunasimama chini, katika chumba cha mnara, tukivuta kamba. Lakini lazima awepo mmoja wa kupanda ngazi mpaka zilipo zenyewe, atie grisi, akague kamba, afukuze njiwa. Huyo ni Clem, na ufunguo wa mnara ameuweka mfukoni tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Jumatano, moja ya siku zetu mbili za soko, huwatembeza wageni: kanisa kwanza, kisha magofu ya abasia, makao ya watawa wa zamani, kisha ukumbi wa soko juu ya nguzo zake, kisha baa mbili tatu, ambazo kila moja inadai kuna mfalme alilala ndani yake. Clem huwaambia wageni kwamba wafalme wa zamani hawakuwa na kazi nyingine ila kulala Harnby. Utani huo ameutumia miaka na miaka na bado yeye ndiye wa kwanza kuucheka.

Mwezi wa kumi uliopita, majani yakipukutika, alisimama na wageni wake katikati ya magofu, akazitazama zile kuta zisizo na paa, akaniuliza mimi niliyekuwa nimepita na kikapu changu, "Roz, watawa wamekwenda wapi?"

Hakuwa anatania. Nilijua kwa macho yake. Nikacheka kwa sauti, nikawaambia wageni, "Msimjali, huyu bwana mzaha wake ndivyo ulivyo," nao wakacheka, wakaendelea kupiga picha. Tangu siku hiyo kila Jumatano nami nipo, eti daktari kanishauri nitembee. Clem akikwama, namtupia neno. Akirudia hadithi, namkatiza. Wageni wanadhani tumefanya mazoezi pamoja, na mama mmoja kutoka pwani alituambia tunapendeza. Aibu ya maiti aijuaye mwosha, na mimi nilikuwa nimeamua kwamba mwosha nitakuwa peke yangu.

Niliogopa nini? Niliogopa habari ya ule ufunguo. Siku watakayouchukua ndiyo siku watakayoanza kusema naye polepole, kwa sauti kubwa, na kuniuliza mimi, yeye akiwa amekaa pale pale, "Clem anatia sukari kwenye chai?" Nimewaona wakimfanyia hivyo Horace Feltwell, mpiga kengele mwenzetu, na Horace kichwa chake kilikuwa kizima kabisa. Miguu tu ndiyo iliyokuwa imegoma.

Horace ndiye aliyekufa. Alikuwa baba yake Lorraine, mwenye baa ya Mganda wa Ngano, ambayo ndiyo baa yetu wapiga kengele: unatoka mlango wa mnara, unakatiza makaburini, unafungua kilango, umefika. Lorraine alikuwa amekwisha panga harusi ya bintiye Tamsin, na mzee kabla hajakata roho aliapa kwamba harusi ikiahirishwa kwa sababu yake atarudi kuwachachushia bia yote. Basi wakamzika Alhamisi, na harusi ikabaki Jumamosi.

Anapokufa mpiga kengele tuna desturi yetu. Mtunza kengele hupanda juu akafunga kipande cha ngozi nene kwenye ulimi wa kila kengele, upande mmoja tu. Kengele ikipiga kwa upande mtupu inalia kwa nguvu zake zote. Ikirudi kwa upande wenye ngozi inalia chini chini, kama ile ya kwanza inajibiwa kutoka ng'ambo ya bonde. Sauti, mwangwi. Sauti, mwangwi. Mwanamume wa Harnby akiisikia hiyo huvua kofia kwanza, ndipo aulize ni nani. Tulimpigia Horace hivyo siku ya Alhamisi, na hata Gerald Inchbald, kapteni wetu, mwalimu mstaafu wa hesabu, ilibidi avue miwani aifute.

Alhamisi jioni huwa tuna mazoezi, lakini tuliyaacha, tukaenda kwa Lorraine kumnywea marehemu. Ijumaa asubuhi Clem akavaa koti.

"Naenda kuzivua zile ngozi," akasema. "Kesho harusi."

Akakawia huko. Aliporudi alikuwa na vumbi, na kinyesi cha njiwa begani, na mikono imejaa grisi.

"Tayari?" nikamuuliza.

"Tayari," akasema, akakaa kunywa chai.

Sasa, ngozi zile zikishavuliwa haziachwi mnarani, maana huko zinaota ukungu. Clem huzileta nyumbani akazitandaza juu ya boila la maji moto jikoni, na nyumba inanuka ng'ombe mpaka nafungua madirisha yote. Ijumaa ile jiko langu lilinuka mkate. Nikalitazama boila, halina kitu. Nikamtazama Clem, anapuliza chai yake. Nilichotakiwa ni kumuuliza tu, Clem, ngozi ziko wapi? Sikumuuliza, kwa sababu jibu nililijua, na sikutaka kuuona uso wake wakati analitafuta. Nikajiambia labda ameziacha kwenye gari. Gari hatuna tangu Machi. Mimi ndiye niliyemshawishi tuliuze, nikasingizia bei ya mafuta. Ningeweza kumpigia Gerald simu, lakini kumpigia Gerald ni sawa na kumkabidhi ufunguo. Nikaosha vikombe. Nikajiambia mtu akisema tayari, ni tayari.

Jumamosi jua liliwaka, jambo ambalo kwetu lingetosha kuwa habari ya wiki. Tulikuwa sote sita chumbani mwetu chini ya mnara, kila mtu na kamba yake, tukisubiri kasisi awashe ile taa nyekundu ya ukutani kutuambia maharusi wanatoka. Pam wa bucha alikuwa amevaa kofia ya manyoya ambayo kila mara ilitaka kunaswa na kamba. Clem alikuwa kwenye ya sita, kengele kubwa, mahali pake pa siku zote. Taa ikawaka.

"Jiandaeni," akasema Gerald.

Kengele ya kwanza ni yangu. "Ya kwanza inaenda," nikasema, kama isemwavyo, nikavuta. "Imekwenda."

Zikalia sita zote kwa mpigo wa kwanza, safi, za furaha. Halafu zikarudi, na zote sita zikajibu kutoka kaburini.

Pam akasema neno ambalo nadhani halijasemwa ndani ya kanisa lile tangu askari wa vita vya zamani walipoingia na farasi wao kuvunja vioo vya rangi. Hakuna aliyeiachia kamba. Kengele si kitu cha kuacha ghafla. Ina uzito wa ng'ombe, na ukiizembea itakupandisha wewe darini.

"Tusimamishe?" akauliza Pam.

"Tukisimamisha atatoka kimya kimya kama mtu anayetoka benki," akasema Gerald. Alikuwa amekuwa mwekundu mpaka kwenye upara. "Kuzivua ni kupanda juu, na kupanda ni nusu saa. Endeleeni."

"Tuendelee na hii?"

"Endeleeni, Pam."

Tukaendelea. Sauti, mwangwi. Kutoka mahali pangu naona uwanja wa soko kupitia kidirisha, na nikaona wazee waliokuwa kwenye kibanda cha jibini wakisimama na kuvua kofia zao, mmoja baada ya mwingine, huku bibi harusi anatokea mlangoni na gauni lake jeupe. Mmoja akamwangalia, akaitazama kofia yake mkononi, asijue airudishe kichwani au la.

Nikageuka kumtazama Clem. Alikuwa anavuta vizuri kuliko sisi sote. Mikono yake haijasahau chochote. Lakini uso ulikuwa umekwisha elewa. Alikuwa ananitazama mimi, ananingoja. Na mimi, mkewe, nikainamia kamba yangu kama mtu anayehesabu nyuzi.

Tulipomaliza tukafunga kamba zote.

"Alipanda nani?" akauliza Gerald, ingawa alijua.

"Mimi," akasema Clem. "Nilipanda jana."

"Ukafanya nini, Clem?"

"Nilitia grisi." Akafikiri. "Nadhani nilitia grisi. Gerald, nataka kusema kwamba..."

"Ni mgongo wake," nikadakia. "Mgongo ulimkaza huko juu, na ile ngazi inatikisika, nimewaambia mara ngapi? Mnangoja mpaka mtu aanguke?"

Clem akanigeukia kwa mshangao wa kweli, kama mtu anayejaribu kukumbuka mgongo wake uliumwa lini. Gerald akasema mambo ya ngazi yatazungumzwa. Funika kombe mwanaharamu apite. Na kombe hilo nililifunika kwa mikono miwili.

"Mimi kwa Lorraine siendi," akasema Pam. "Nitamtazamaje? Tumemzikia mwanawe akiwa hai. Zipo baa kumi nyingine, twendeni Farasi Mweupe, wale hata kanisa hawajui liko upande gani."

"Tumealikwa, Pam," akasema Gerald. "Majina yetu yako mezani."

"Basi tangulia wewe. Wewe ndiye kapteni. Nahodha huzama wa kwanza."

Tukakatiza makaburini mmoja nyuma ya mwingine, tukapita kaburi la Horace na maua yake ambayo hayajaanza kunyauka, na hakuna aliyelitazama. Nilikuwa nimeshikana mkono na Clem. Nilimbana kwa nguvu, na kwa nje nadhani ilionekana kuwa mapenzi.

Lorraine alikuwa mlangoni pa Mganda wa Ngano, amevaa gauni la buluu, wanja umemtiririka mpaka mashavuni. Ni mwanamke mpana, mwenye mikono ya kubeba mapipa. Gerald akavua kofia, akaanza, "Lorraine, kuhusu kengele..."

Lorraine akamkumbatia hata miwani ikakaa upande.

"Nani aliwaza lile?" akasema begani mwake. "Nani? Mliniletea Baba harusini. Tumetoka pale mlangoni, nimekazana nisilie, nasikia kengele za harusi, halafu nasikia za kwake ndani yake, zote pamoja. Tamsin akanishika akaniambia, Mama, babu huyo. Yaani Gerald, mimi nilikuwa nakuona mtu wa hesabu tu."

Gerald hajawahi kusema uongo. Huyu ni mtu aliyewahi kurudi kwa mwenye duka la magazeti kumwambia kwamba amesoma kurasa mbili bila kununua. Alifungua mdomo. Nilimwona akiutafuta ukweli, akaukuta, akautazama uso wa Lorraine, akauacha.

"Ni heshima yetu," akasema.

Nguo ya kuazima haisitiri matako, lakini tuliivaa sote sita, tukaingia nayo ndani. Lorraine akatangaza kwamba leo wapiga kengele hawashiki pochi. Watu wakaja kutupa mikono. Wale wazee wa kibanda cha jibini wakasema hawajawahi kusikia kitu kama kile, na kwamba kuna mila nzuri ambazo zimeachwa zife. Pam, ambaye dakika kumi nyuma alitaka kukimbilia Farasi Mweupe, alikuwa akieleza jinsi ilivyo vigumu kupiga vile. Bia ilikuwa nzuri. Ndilo linalonitia haya zaidi nikilikumbuka, kwamba niliionja nikaona ni nzuri, na nikaanza kufikiri kwamba Mungu ameliweka sawa, kwamba Clem amenusurika, na ufunguo umebaki mfukoni mwake.

Clem hakunywa. Alikaa na soseji yake kwenye sahani ya karatasi, midomo ikicheza kidogo kidogo, kama mtoto anayekariri shairi. Nikamuuliza kama ana njaa. Akatikisa kichwa, akaendelea.

Hotuba zilikuwa uani, chini ya hema. Akasema baba wa bwana harusi, akasema rafiki yake, ambaye alisimulia mambo ya bwana harusi na mbuzi yasiyostahili kurudiwa hapa. Kisha Lorraine akasimama na glasi. Akamsifu baba yake, akamsifu mkwewe, akasema anataka kuwashukuru wapiga kengele, na zaidi mmoja wao.

"Clem Ruddock, simama mzee wangu. Ngozi ni zako, na najua wazo ni lako. Simama watu wakuone."

Clem akasimama. Hema likapiga makofi. Akangoja yaishe, soseji mkononi.

"Hapana, Lorraine," akasema. "Nilisahau."

Lorraine akashusha glasi.

"Sikuziacha makusudi. Nilipanda kwenda kuzivua, nikafika juu, nikasahau nimefuata nini. Nikasimama tu na zile kengele. Nasahau siku hizi. Nasahau mambo mengi, na ilikuwa..."

Hapo wakaanza kucheka. Hawakucheka kwa ubaya, naapa. Walicheka kwa upendo. Kwetu mtu akisifiwa lazima ajishushe, na asipojishusha anaonekana hana malezi, basi walidhani wanamwona mtu aliyelelewa vizuri. "Usijishushe, Clem!" akapaza mmoja. Mjomba wa bwana harusi akainua glasi, akasema na yeye angependa kusahau vizuri namna hiyo. Clem akainua mkono uliokuwa hauna soseji, kuwaomba wanyamaze, na wao wakadhani anawapungia, wakapiga makofi zaidi.

Kisha wakageuka kunitazama mimi. Ndivyo watu wafanyavyo. Wanataka kuona uso wa mke ndipo wajue mume asemalo ni la kuchekwa au si la kuchekwa. Lorraine pia alinitazama, na hakuwa anacheka, alikuwa anauliza. Clem akanitazama. Kama ningekaa tu nilivyo, bila kusema lolote, hema lote lingenyamaza.

Nikacheka. Nikatikisa na kichwa, kama mke aliyemzoea mumewe.

Clem akakaa. Akaiweka ile soseji kwenye sahani, akaifunika kwa tishu taratibu, na nilipogeuka kumpisha mhudumu, kiti kilikuwa kitupu.

Nilimkuta nje upande wa barabara, amekaa juu ya jiwe la kupandia farasi ambalo wageni hupenda kupigia picha. Mkabala wake wachuuzi walikuwa wanakunja turubai chini ya ukumbi wa soko.

"Clem, mpenzi, wanakata keki."

"Nilitaka kuwaambia, Roz."

"Umewaambia."

"Sijawaambia. Wamecheka." Hakuwa na hasira, na afadhali angekuwa nayo. "Nilianza kujipanga tangu makaburini. Nikawa nayarudia maneno ili nisiyapoteze. Nikayafikisha yote. Na wewe ukacheka."

"Nilikuwa nakustiri."

"Unanistiri kwa nani?"

Nikawatazama wachuuzi.

"Kule magofuni," akasema, "unadhani sikujua? Nilikuwa nimepotea, Roz. Nimesimama mahali nilipocheza tangu utoto na sipajui, nikaona uso wako, nikasema huyu namjua, nitamuuliza. Nikakuuliza wewe. Ukawajibu wao."

Nilitaka kusema nililia usiku ule, na ni kweli nililia, lakini bafuni, bomba likiwa wazi, ili asisikie.

"Jana nilisimama kati ya kengele," akaendelea, "na mlango wa ngazi nimeuacha wazi nyuma yangu. Siku nyingine atapanda mtoto, aanguke. Mwambie Gerald auchukue ufunguo. Nimejaribu kumwambia mwenyewe, ukaniletea mgongo."

Basi kile nilichokilinda kwa uongo wa miezi yote ile, mwenyewe alikuwa anatafuta pa kukitua. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Mimi nilificha uchi wa mwenzangu, bila kumuuliza kama anasikia baridi.

Nikarudi ndani. Nilimkuta Lorraine kwenye ujia wa jikoni, amebeba sahani za keki mpaka kidevuni, na nikasema pale pale, kabla sijajipa nafasi ya kuzungumzia keki.

"Lorraine, Clem hakuwa anatania. Alisahau kweli. Akili yake inapotea, tangu mwaka jana, na mimi nimekuwa nikificha. Jana niliona ngozi hazijarudi nyumbani, nikanyamaza. Ningeweza kusema na mwanao angetoka na kengele zake. Hakuna aliyepanga kitu. Sote tulikuwa tunataka ardhi itumeze."

Akazikaza zile sahani kifuani.

"Kwa hiyo leo hamkumpigia Baba," akasema.

"Alhamisi tulimpigia. Leo hapana."

"Tamsin ameshawaambia watu wote."

"Najua."

"Ungeniachia tu, Roz." Kidevu kilikuwa kinamtetemeka juu ya keki. "Ungeniachia hata mpaka kesho. Kesho ingekudhuru nini?"

"Ningengoja kesho nisingesema kabisa. Unanijua."

"Nakujua," akasema, na hakulisema kama sifa.

Akaziweka sahani juu ya pipa, akanipita, bega lake likinigusa, akatoka nje kwa ule mwendo wake wa kuwatoa walevi. Nikamfuata mbio. Nilidhani anakwenda kumsema Clem, na nilishaanza kuyapanga maneno ya kumwombea radhi.

Lorraine akasimama mbele ya Clem. Akamtazama. Kisha akavua viatu vyake vya harusi, akavitupa pembeni, akajibana kando yake juu ya lile jiwe, ambalo kwa upana wa Lorraine halikuwatosha wawili.

"Inakuwaje, Clem?" akasema. "Ukisahau. Inakuwaje?"

Mimi nimelala kitanda kimoja na mtu huyu miaka yote hii, nimemkatiza, nimemtafunia maneno, nimeuza gari lake, na swali hilo sijawahi kumuuliza.

Clem akafikiri. "Kule juu," akasema, "nilijua nimekuja kwa jambo la maana. Hilo halikupotea. Nilijua ni la mtu ninayempenda. Lakini lenyewe likawa... likawa kama..."

Akakwama. Mkono wake ukawa unashika hewa. Neno nililijua, nilikuwa nalo mdomoni tayari, nikavuta pumzi. Lorraine akaninyanyulia kiganja bila hata kugeuka, kama anavyomzuia mtu anayetaka kuruka foleni kaunta. Nikafunga mdomo, nikasimama pale barabarani na mkoba wangu, na Clem akaanza kulitafuta upya.